Fonti Niliyoiweka Kwangu Tu

Mwanangu, kila ukinionyesha kazi yako kwenye hiyo laptopu, nairudia asubuhi moja ya Kariakoo, enzi hizo mimi binti mdogo, naunda kazi za kuchapa kwa Mzee Shabani, mwenye stationari nyuma ya soko.

Jirani yetu muuza vitenge, Mama Aika, alifiwa na mumewe. Mchana ule msafara ungeondoka kwenda Moshi kuzika, na vijitabu vya ibada nilivitengeneza mimi. Marehemu alikuwa na binti wa nje, Neema, anayelelewa Buguruni. Mama Aika mwenyewe, roho ya ajabu yule mama, ndiye aliyebishana na ukoo mpaka wakakubali jina la Neema liwekwe mwisho wa ukurasa wa watoto.

Mimi na ujana wangu nikachagua fonti, yaani umbo la herufi, nyembamba, ya madaha, niliyoipakua mwenyewe. Kompyuta zetu zilitumia mfumo wa Linux, na humo fonti ina pa kukaa pawili: folda yako, unayoiona wewe tu ukiingia kwa jina lako, na folda ya mashine nzima, ya kila mtu. Nikaiweka kwangu. Mwenzangu Ester akaingia kwa jina lake, akaifungua kazi, akachapa. Mashine ilipoikosa fonti yangu haikusema kitu. Ilichukua nyingine inayofanana nayo, nene kidogo, mistari ikasukumana, na jina la mwisho likatupwa nje ya ukurasa.

Mama Aika alifungua kijitabu, akakaa kwenye benchi. "Watasema mimi ndiye niliyemfuta huyu mtoto," akasema taratibu. Niliumia, lakini mdomo ukawahi kujitetea: kwangu ilikuwa sawa.

Mzee Shabani akavua miwani. "Kwako, binti. Hapa sokoni muuzaji akikosa mzigo anakimbilia duka la jirani, akuletee unaofanana, ila anakuuliza kama utakufaa. Mashine haiulizi. Uulize wewe."

Akaihamishia fonti kwenye folda ya mashine nzima, akaiamuru Linux isome upya fonti zake, tukachapa tena huku gari la msiba likipiga honi nje. Neema, aliyekuja kusafiri na msafara, akachungulia mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Njoo uone jina lako," Mama Aika akamwita.

Mtoto akaweka kidole pale, ndipo akalia.

Basi, mwanangu, kitu cha watu wote usikiweke unapokiona peke yako. Kazi ikiisha, ifungie fonti zake ndani ya faili, kisha ifungue kwenye mashine ya mwenzako uisome hadi jina la mwisho. Kuna mtu anajitafuta humo. Mungu aibariki mikono yako, na popote ukoo utakapoandika majina ya watoto wake, lako nalo lisikosekane.