Kijani Kilichomkera Fundi wa Rangi

Alikuwa fundi wa kupuliza rangi za magari, na kilichomponza kazini ni macho yake mazuri yakishirikiana na mdomo wake mbaya. Bosi aliyemfukuza alikuwa baba yake mzazi.

Kisa kilikuwa mlango. Mzee alikuwa ameupaka upya mlango wa gari jeupe la mwalimu mkuu mmoja, na mwalimu mkuu alishalizunguka gari mara mbili, karidhika, ufunguo mkononi. Ndipo binti, kinyago cha vumbi kikining'inia shingoni, akasema, "Mwalimu, mlango huo una umanjano kidogo. Lisogeze juani utauona."

Mwalimu akalisogeza juani. Akauona. Tangu hapo akawa anauona hata gari likiwa kivulini.

"Mwanangu," baba alisema mteja alipoondoka akifura, "Mungu kakupa macho mawili na mdomo mmoja, wewe unavifungulia vyote kwa mpigo. Nenda ukawe mkweli kwa watu wengine. Mimi nimechoka."

Watu wengine walipatikana chuoni, kwenye maabara ya kemia. Pale gereji walikuwa wanamwita Jicho, na jina likamfuata huko bila kuulizwa vyeti. Maabara ilikuwa inatafuta mtu mwenye mkono mtulivu wa kupuliza. Walihitaji vioo vilivyopakwa utando mwembamba wa madini, unaopitisha umeme bila kuuzuia mwanga. Unapasha kioo moto juu ya bamba mpaka kinakaribia joto la tanuri, kisha unakipulizia dawa kidogo kidogo, kwa pumzi sawasawa. Mwanafunzi wa uzamivu alikuwa amejaribu. Kijana mpole, amezama mwaka wa nne sasa na hakuna aliyekuwa na hakika kama angeibuka. Vioo vyake vilitoka na mabaka kama ng'ombe wa maziwa.

Jicho alipuliza cha kwanza, kikapoa. Profesa, mkuu wa maabara, akakiinua dirishani.

"Umepaka kitu kweli? Mbona sioni?"

"Ungekiona, ningekuwa nimeharibu."

Wakakigusisha nyaya za kipimo. Umeme ukapita. Akaajiriwa siku hiyohiyo, na kesho yake akamwambia Profesa kwamba tai yake ina tundu la asidi. Lilikuwapo miaka miwili na wote walikuwa wanalijua.

Fahari ya Profesa wakati huo ilikuwa unga wa njano alioutengeneza mwenyewe, wenye matumaini ya kuhifadhi umeme kwenye betri za majimaji. Ukiuyeyusha na kuuingizia umeme, kila chembe inapokea elektroni mbili na maji yanageuka bluu. Profesa alishikilia kwamba zote mbili zinaingia kwa mkupuo mmoja. Ushahidi wake ulikuwa mchoro wa mkondo wa umeme: ulionyesha kilima kimoja tu, kizuri, kama tumbo lake. Alishaandika makala, akaituma kwenye jarida, na kabla haijajibiwa alishaihubiri kwenye mikutano ya nchi tatu.

Siku moja Jicho alikuwa anasimamia chupa ya unga huo ikiingiziwa umeme. Njano ikaanza kwenda bluu, na katikati ya safari ikapita kwenye kijani. Akainama.

"Profesa, hiki kijani ni cha nani?"

"Njano na bluu vikikutana vinazaa kijani, Fundi. Hata mtoto wa chekechea anajua."

"Najua. Nimechanganya njano na bluu tangu sijaota meno ya ukubwani. Hazizai hiki. Hiki kimeingia weusi kidogo, kama majani ya chai yaliyochacha. Kuna mtu wa tatu humu."

Profesa alicheka mpaka tundu la tai likatikisika. Kisha, kwa kuwa alipenda kushinda mbele za watu, akaita maabara nzima. Akavuta maji ya njano kwa sindano, akayasukuma kupitia kizibo cha mpira ndani ya kichupa cha maji ya bluu, kiasi kwa kiasi. Kikatokea kijani. Kijani kilekile, chenye weusi uleule wa chai.

"Mchanganyiko!" akasema. "Kesi imefungwa."

Kwa wiki nzima kila aliyepita karibu na Jicho aliuliza habari za mtu wa tatu: kala nini, kalala wapi. Kilichomuuma Jicho si kicheko. Ni kwamba jaribio lilikuwa la haki, na macho yake bado yalikataa. Alianza kuyaogopa. Fundi wa rangi asiyeyaamini macho yake afanye kazi gani, auze karanga?

Jumatatu iliyofuata alikuwa anapanga vichupa vya mraba kwenye rafu ya dirishani. Kimoja cha njano kikakaa mbele ya kimoja cha bluu, na jua likapenya vyote viwili. Kijani kilichotokea kilikuwa safi, kichangamfu, kijani cha kitabu cha watoto. Hakikuwa na tone la chai.

Kisha akamwita kijana wa uzamivu.

"Mdogo wangu, hebu njoo. Hapa mwanga unapita kwenye njano, halafu kwenye bluu, na havijagusana. Unaona nini?"

"Kijani, dada."

"Na kwenye kile kichupa alichochanganya Profesa?"

Kijana akatazama huku, akatazama kule. Rangi ikamtoka usoni. "Ni tofauti," akanong'ona. "Dada, vikigusana vinafanya kitu. Yule wa bluu mwenye elektroni mbili anampa wa njano moja. Kila mmoja anabaki na moja."

"Basi Profesa siku ile hakuchanganya rangi. Alikuwa anamtengeneza mtu wa tatu mbele ya mashahidi."

Lakini macho, hata ya Jicho, hayachapishwi kwenye jarida. Wakachukua kioo kimoja alichokipuliza, wakakibana na kingine, nafasi kati yao nyembamba kama karatasi, wakajaza maji ya njano humo. Wakakiunganisha na waya na kukiweka ndani ya mashine ya kupimia mwanga. Sasa umeme ungeingia na mwanga ungepita kwa wakati mmoja, mahali pamoja. Umeme unajua kuhesabu elektroni ngapi zimeingia. Haujui zimefikia kwa nani. Hilo anajua mwanga.

Ipo rangi moja ya mwanga ambayo njano na bluu huinywa sawasawa. Kama kweli njano ilikuwa inageuka bluu moja kwa moja, hapo mstari wa mashine usingesogea hata kidogo: anayetoka na anayeingia wana kiu ileile. Wakaongeza volti polepole. Mstari ukapanda. Wakaendelea. Ukashuka tena. Kuna mtu aliyeingia, akanywa, akaondoka.

"Mshenga," Jicho akasema. "Kawakutanisha watu, harusi imekwisha, haonekani."

Kijana alitaka wasubiri, labda mpaka Profesa astaafu. Jicho alishafika mlangoni kwake.

Profesa alikuja, akatazama, akasema ni povu. Wakarudia bila povu. Akasema ni kioo kichafu. Jicho akapuliza vioo vitatu vipya na kumpa achague mwenyewe. Mstari ukapanda, ukashuka, mara tatu.

Kisha Profesa akavuta kiti, akakaa, na sauti yake kubwa ikakosekana. "Nimezunguka nchi tatu," alisema, "nikiwaambia watu kitu ambacho hakipo."

Jicho alikuwa ameandaa maneno tangu wiki ya vicheko, mengine ya gereji kabisa. Yakamwishia mdomoni. Akasema tu, "Si kwamba hakipo, Profesa. Uliruka mmoja katika kuhesabu."

Jioni ile Profesa mwenyewe aliliandikia jarida kuomba makala yake irudishwe. Hilo, Jicho husema, ndilo lililomfanya abaki pale, maana baba yake alishamwita arudi gereji mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya kubembeleza.

Makala mpya ilichukua karibu mwaka. Ofisi ya utafiti ilikataa jina la fundi asiye na shahada. Profesa akaenda kule na sauti yake yote, akarudi jina likiwa la pili. La kwanza lilikuwa la kijana, ambaye hatimaye aliibuka, akahitimu, na akalia hadharani. Ndani ya makala mshenga anaitwa kwa jina refu lenye namba na vistari. Pale maabara hakuna anayelikumbuka.

Siku hizi wanafunzi wapya huanza kwa Jicho. Anawafundisha kupuliza, na anawapigia kelele wakishika vioo kwa vidole vyenye mafuta. Maji yakibadilika rangi mbele yao, anawauliza wanaona nini, na hawaruhusiwi kutazama mchoro kabla hawajajibu.