Samaki wa Mufuko

Mpaka leo, nikisikia mvuvi anakung'uta turubai lililolowa, ile sauti nzito ya pwata!, nageuka haraka kama mtu aliyeitwa. Ndivyo Mufuko alivyokuwa akifunga mdomo wake: ngozi ya koo ililia pwata! kwanza, halafu mifupa ikagongana, ta!

Vitabuni ndege huyo anaitwa mwari. Sisi watoto wa Rumonge, Burundi, kando ya Ziwa Tanganyika, hatukuwa na vitabu vya ndege, tulikuwa na macho tu. Tuliona mdomo mrefu kuliko mkono wangu, na chini yake mfuko unaoning'inia kama kikapu cha mtu anayetoka sokoni bila kitu. Tukamwita Mufuko. Mama alimkuta ufukweni, bawa moja likiburuzika, akaja naye kwapani kama anayebeba mkeka, mdomo ameuelekeza nyuma usimtoboe mtu.

Ilikuwa wakati wa vita. Baba alikuwa amevuka kwenda Uvira, upande wa Kongo, kuuza mawese, njia ikafungwa, akabaki hukohuko. Mama, aliyezoea kuanika ndagala, dagaa wa ziwa letu, mpaka mchanga usionekane, hakuwa na cha kuanika. Wavuvi waliruhusiwa kuingia ziwani mchana tu, tena kwa muda mfupi, karibu na kambi ya askari, na walichopata kiliishia hapohapo. Tulikula sombe, majani ya muhogo, bila mawese, na kesho yake sombe tena. Jirani yetu, Mama Asha, alimwangalia Mufuko akasema, "Huyu ni sufuria mbili." Mama akamjibu, "Huyu ni mugeni."

Kulikuwa na soda mmoja, ndivyo tulivyowaita askari, aliyepita kando ya uzio wetu kwenda kuteka maji. Alikuwa kijana wa milimani, mbali na ziwa, na ndege wa namna ile hakuwahi kumwona. Siku ya kwanza alisimama, ndoo ikamponyoka.

"Amahoro, mama. Hii ndege iko na mufuko mu kanwa?"

"Iko nao."

"Inaweka nini mule?"

"Samaki," Mama alisema, "kama wangekuwako."

Kesho yake alikuja na samaki, mikeke, juu ya jani la mgomba. Mama alirudi nyuma. Siku zile, aliyeonekana mchana akipokea kitu kwa soda angeweza kuulizwa jioni na waasi waliojificha milimani. Na aliyemkatalia soda angeulizwa na soda wenyewe. Mama alikwisha kujifunza kutopokea kitu cha mtu yeyote.

"Si yako, mama," yule kijana alisema kwa sauti kubwa, mtaa mzima usikie. "Ni ya ndege."

Mufuko alimeza mpaka shingo ikakataa. Samaki waliobaki, Mama aliwatazama kitambo, kisha akasema kutupa riziki ni dhambi. Siku ile mdogo wangu Hamadi alilamba sahani mpaka Mama akamnyang'anya.

Yule soda akaendelea kuja. Samaki waliongezeka, ndege alibaki mmoja. Mama hakumwambia asante hata siku moja, alimkaripia Mufuko tu, "Kula, wee, usimuhaibishe mwenyeji wako!" na soda akacheka akaenda zake.

Bawa likapona. Asubuhi moja Mufuko alikimbia kwa kishindo ufukweni, akapiga mbawa, akainuka juu ya maji, mzito, kisha mwepesi. Mimi na Hamadi tulipiga makofi. Mama alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono mapajani, hakupiga.

Soda alipokuja na jani lake, alikuta uwanja mtupu.

"Imeruka," Mama alisema.

Wote wawili waliangalia ziwani. Halafu kijana akasema polepole, "Labda itarudi na njaa."

"Labda."

Akaweka samaki kwenye beseni. Na kesho yake akaleta tena. Nilimwona mjinga kweli, nikaropoka, "Lakini ndege hayuko!" Mama alinifinya mkono, alama ikabaki. Basi tukaendelea kula samaki wa ndege asiyekuwepo, mpaka kikosi chao kilipohamishwa, wakaja wengine waliopita bila kusalimu.

Nilikuwa nimekwisha kuzaa wanangu ndipo nilipoelewa kwamba pale uwanjani mjinga alikuwa mmoja tu, naye ni mimi. Wale wawili walikuwa wameelewana tangu jani la kwanza, bila kusema neno ambalo mtu angeweza kulishuhudia. Nilimuuliza Mama jina la yule kijana.

"Sikumuuliza," alisema. "Jina ukilijua, kuna mtu atakulazimisha ulitaje."

Hatujui kama vita vilimwacha hai. Ila Mama akiomba dua, akishawataja wazazi wake na Baba, huongeza, "Na yule mtoto wa watu, ee Mola. Jina lake unalo wewe."