Msimu wa Sufuria Mtini

Nikisikia sufuria zikigongana, hata kama ni jikoni kwa watu, mawazo hunirudisha kwenye mkorosho wetu wa Kipawa. Msimu mmoja, enzi za Mwingereza, mkorosho ule ulizaa sufuria, majembe, mapanga, pasi ya mkaa na madebe ya maji. Upepo wa mchana ukivuma vyote vililia kwa pamoja, nasi watoto tukacheza ngoma chini yake mpaka mama atufukuze, akihofia jembe litamwangukia mtu utosini.

Chanzo kilikuwa ndege. Kila asubuhi iliondoka kwenye uwanja wa ndege uliokuwa jirani yetu, ikapita chini chini kuelekea Kiwalani na kurudi, ikiburura kwa waya kitu mfano wa boga refu. Bwana Saidi, mpangaji wetu aliyekuwa akisukuma mapipa ya mafuta pale uwanjani, alitueleza jioni moja kwamba lile boga ni chombo cha kupimia ardhi. Hupeleka nguvu za umeme chini, na palipo na madini, umeme hujibu. Waliokuwa barazani walicheka. Bibi hakucheka. Kwao Nachingwea alikwisha kuhamishwa kupisha mashamba ya karanga ya Wazungu, na hata huko, alisema, ilianza ndege kuzunguka juu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Akamuuliza Bwana Saidi kama chombo hicho kinajua kutofautisha chuma cha Mungu na jembe lake yeye. Bwana Saidi akakiri kwamba hilo yeye halijui.

"Basi vyuma vyote vitoke chini," Bibi akaamua. "Kinatafuta ardhini. Cha mtini hakikihusu. Sihami tena mimi."

Baba, msomaji wa magazeti, alimweleza kwa upole kwamba serikali haiwezi kuchimba nyumba ya mtu kwa ajili ya sufuria. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akampa kamba. Alasiri ile ile baba yangu alikuwa juu ya mkorosho, suruali yake ya kazini imekunjwa magotini, akifunga majembe. Majirani walipita wakicheka, wakafika kwao, wakafikiri. Kesho yake miti yao nayo ikaanza kulia.

Raha ya msimu ule siwezi kumaliza kuisimulia. Kwa kuwa sufuria zilikuwa juu, tulipikia vyungu. Mama alibandika samaki kibua kwa tui zito na ukwaju, chungu kikanukia moshi na udongo, na wali ukashika ukoko mwekundu tulioupigania kwa kucha. Aliyehitaji panga alimtuma mtoto mtini, na hakuna mtoto aliyekataa kutumwa. Ndege ikipita tuliipungia mikono, tukamtazama Bibi. Naye alikuwa ameketi mkekani akisuka ukili, shingo imenyooka, kama mtu aliyekwisha kushinda kesi.

Kisha asubuhi moja ndege haikuja. Bwana Saidi alirudi na habari kwamba imekwenda bara, kwenye kazi yenyewe. Huku kwetu walikuwa wanajaribu chombo tu, wala hawakuwa wakitafuta chochote. Baba alijizuia kucheka, akashindwa, na wote tukamfuata. Bibi alitungoja tumalize. "Wangesema nini tena," aliuliza, "na wamepita siku zote hizo wasione kitu?" Akaagiza kuku achinjwe.

Sasa mimi ni mzee kuliko Bibi wa siku zile, na ninaishi Chanika. Uwanja wa ndege ulipotaka nafasi ya kupanuka, miaka mingi baadaye, Kipawa yetu ilipimwa na watu wenye kamba na vigingi, wakitembea kwa miguu. Hawakuuliza kuna nini chini. Walitaka pale juu tu, kwa kuwa ni tambarare. Niliumia kuhamishwa, sitaficha. Lakini Bibi alikuwa amekwisha kufariki zamani, kitandani mwake, kwenye nyumba ile ile, na wala hakuhama tena.