Folda za Kaka Lutengano

Jumanne ya Aprili, saa nne asubuhi, nilikuwa naanika nguo hapa Mlandege, Iringa, mdogo wangu Ipyana aliponipigia kutoka Mbeya. Hakunisalimia. "Dada Tumpe, kaa chini kwanza." Nikajua ni kaka yetu mkubwa, Lutengano. Nikamjibu nimekaa, kumbe nimesimama na shuka mkononi.

Nilikuwa naiona siku hiyo ikija tangu Februari. Lutengano alikuwa wa tatu kwa jina hilo katika ukoo wetu. Babu na baba mkubwa waliolibeba kabla yake waliondoka kwa ugonjwa wa moyo, wote hawajafika hamsini. Yeye alikuwa na thelathini na tisa.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza programu za kompyuta. Aliyoipenda kuliko zote ni ya zahanati moja ya kanisa upande wa Chimala: mfumo wa mtandaoni uliotuma ujumbe wa simu kila Alhamisi, kuwakumbusha wenye kifafa wafuate dawa. Mwaka jana alilazwa siku tatu. Msaidizi wake, Joyness, akahamisha faili moja, mfumo wote ukagoma. Mtoto mmoja akakosa dawa, akaanguka jikoni, akaungua mkono. Lutengano hakulisahau jambo hilo.

Februari alikuja kwangu, eti kupumzika. Miguu ilikuwa imevimba, viatu haviingii. Akashinda mezani na kompyuta, pekupeku.

"Kaka, si umekuja kupumzika?"

"Nikiondoka leo, Tumpe, hii kitu inakufa na mimi. Kila faili linaitwa kwa mstari wake. Mistari mia na themanini, na mpangilio wake ninao mimi tu kichwani."

"Usiseme kuondoka, kwa jina la Yesu."

"Haya, nikisafiri." Akacheka, akakohoa muda mrefu.

Aliniambia mle ndani kulikuwa na vitu viwili vinavyoitwa Orodha, kimoja cha dawa, kingine cha wagonjwa, na mashine ilivikataa.

"Nyumbani tulivyokuwa na akina Lutengano watatu, tulifanyaje?"

"Tulisema wa Tukuyu, wa Kyela, wa Mbeya."

"Basi ndiyo hivyo. Hii sasa ni Kliniki, Dawa, Orodha. Ile ni Kliniki, Wagonjwa, Orodha. Folda nazipanga kwa majina hayohayo. Kwenye faili la Composer, programu inayoitafutia mashine mafaili, naandika mara moja tu kwamba kila kinachoanza na Kliniki kinakaa kwenye folda kuu, inaitwa src. Kikihitajika, mashine inafuata jina mpaka inalikuta faili. Hainiulizi mimi."

Kila siku alifuta mistari kadhaa ya ile mia na themanini, akajaribu, akafuta tena. Mistari ilipungua, na pumzi yake nayo ilipungua. Alipofuta wa mwisho alimpigia Joyness, simu ikiwa kwenye spika.

"Siku nisiyokuwepo, ongeza faili jipya. Usiniulize kitu."

"Bosi, likigoma narudi kuuza mchele na mama!"

"Likigoma, utamuuliza nani?"

Mimi nikatoka nje kuomba.

Tulimzika Alhamisi, nyumbani Tukuyu. Tukiwa kwenye foleni ya kuaga, Joyness akafika, amelowa mvua.

"Pole, dada. Ujumbe umetoka wote asubuhi. Zahanati wamebadilisha siku ya watoto, nikaandika faili jipya, nikaliweka kwenye folda yake. Mfumo umelipata. Sikumpigia mtu."

"Nenda kamwambie mwenyewe," nikasema.

Akainama juu ya sanduku, akasema naye kidogo. Kisha likafungwa.

Ipyana na vijana wa usharika walilibeba. Udongo ulikuwa unateleza, wakaliteremsha kwa kamba taratibu. Mchungaji alitupa udongo mara tatu, akafuata mama, mimi, Ipyana, na Joyness. Wanaume wakashika majembe, wakafukia. Tuliimba, tukaweka mashada, msalaba ukasimikwa. Mchungaji akatubariki, tukarudi nyumbani kunawa mikono.