Mashine Zako Zimeamkaje

Baba yangu alikuwa na namna yake ya kujulia hali, na kama ulikuwa na haraka, pole yako. Aliuliza umeamkaje, watu wa hapo unapokaa wameamkaje, mvua imenyesha, chakula kipo. Nami nilipaswa kuuliza yangu: kaka na wifi wameamkaje, ng'ombe wameamkaje. Hapo kwenye ng'ombe ndipo alipochangamka, akanisimulia mmoja mmoja kwa jina. Nilipopata kazi ya seva Geita mjini, alitaka kujua ninachunga nini hasa. Nikamwambia ninachunga mashine zilizoko mbali, nchi ambayo hata mimi sijaiona. Tangu hapo salamu zetu zikarefuka zaidi. Akishamaliza habari za ng'ombe wake aliuliza, "Na mashine zako zimeamkaje?"

Nilimjibu zimeamka zote, hata siku ambazo hazikuamka.

Ofisi yetu ni vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya pikipiki. Tunaendesha mfumo wa wenye makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ili mchimbaji ajue kwenye simu yake kama zamu ya mawe yake imefika, asiende kushinda kwenye foleni akigombana na wenzake. Mfumo huo unakaa kwenye seva za kukodi, na mimi ninauendesha kwa zana za kompyuta ambazo hakuna mtu aliyeniuzia: Linux, Kubernetes, Prometheus na nyingine za jamii hiyo. Zimeandikwa na watu wa kila pembe ya dunia, wakaziacha wazi, atakaye achukue, na atakayeona kasoro arekebishe, wote wafaidi. Nilijifunza mwenyewe, kwa video na kwa kusoma maelezo. Nilipokwama, mtu nisiyemjua alinielekeza kwenye jukwaa la mtandaoni kwa uvumilivu ambao mchumba wangu wa wakati ule hakuwa nao hata robo.

Baba aliposikia habari za watu hao aliwasifu sana, kisha akauliza ni wa ukoo gani. Nikasema sijui. Alinisikitikia. Kwake yeye, mtu akikusaidia nawe hujui ukoo wake, hutajua shukrani zako uzipeleke wapi.

Sasa, katika mafunzo hayo kuna usemi ambao kila mwalimu lazima aupitie. Wanasema seva zako uzichukulie kama ng'ombe, si kama paka wa nyumbani. Maana yao ni kwamba usiipe seva jina, usiizoee, usikeshe ukiiuguza. Ipe namba. Ikiugua, iue, ulete nyingine. Kubernetes imejengwa juu ya fikra hiyo hiyo. Huuliza kila kipande cha mfumo, tena na tena mchana kutwa, kama kiko hai. Kikinyamaza, hukiondoa na kuweka kingine mahali pake, na watumiaji hawajui kama kuna kilichokufa.

Mara ya kwanza kuusikia usemi huo niliisimamisha video nikacheka kwa hasira. Mwalimu alikuwa na ndevu zilizochanwa vizuri, na ni wazi hajawahi kukanyaga zizi. Kwetu asiye na jina ni paka. Anaitwa paka, basi. Ng'ombe walikuwa na majina, na majina yenyewe yalikuwa na sababu. Mmoja aliitwa Mwalimu kwa kuwa alikutazama kama aliyekuuliza swali na anangoja jibu. Mwingine aliitwa Njiani kwa kuwa alizaliwa njiani, mama yake akitoka mnadani. Baba alimjua kila mmoja kwa kikohozi chake, bila kugeuza shingo.

Nikamwekea baba usemi ule kama kichekesho, nikamsimulia nilipokwenda nyumbani likizo. Nilisahau kupima wakati. Ukame mkubwa ulikuwa umetoka kutupitia. Kaka yangu alikuwa amewaswaga ng'ombe kuelekea pande za Ushetu kutafuta malisho, na wengi waliangukia huko huko. Baba alibaki nyumbani, akawa anapokea habari kwa simu. Kaka alimtajia majina kadiri walivyoanguka, leo huyu, kesho yule. Aliporudi, alirudi na Njiani na fahali mmoja mzee, Njiani mwenyewe mbavu nje, ana mimba.

Kwa hiyo nilipomaliza kusimulia, baba hakucheka. Alichokonoa ardhi kwa fimbo yake.

"Huyo aliyesema hivyo, ng'ombe wake walikufa wengi?"

Nikamwambia sidhani kama aliwahi kuwa na hata mmoja.

"Basi kuna kitu kilimfia," alisema. "Huyo mtu amechoka kulia, mayu."

Mayu ni mama kwa Kisukuma, na ndivyo alivyoniita tangu utoto. Nilikuwa nimetegemea aniunge mkono dhidi ya yule mwenye ndevu, kumbe amekwenda kukaa upande wake.

Njiani alizaa nilipokuwa nimesharudi kazini. Ndama jike, mwekundu, ana doa jeupe usoni. Nilimpigia baba kwa furaha nikamuuliza amempa jina gani.

"Hana. Mpe namba, kama za kwako."

Nilicheka peke yangu. Baadaye kaka alinipigia akasema baba amebadilika. Hafiki tena mnadani, chakula anakigusagusa tu, analala mchana. Mimi nikajijaza imani kichwani kwamba siku atakapompa ndama yule jina, atakuwa ameamua kuendelea kuishi nasi. Sijui niliitoa wapi imani hiyo, lakini niliishika kweli kweli. Kila tulipozungumza nilileta mada ya ndama. Nilipendekeza majina ya kuchekesha, ya heshima, hata ya Kizungu. Alinisikiliza, kisha akahamia kwenye habari za mvua.

Na mazungumzo yenyewe yalikuwa kazi. Nyumbani kwetu mtandao unakamata vya kutosha kuzungumza mahali pamoja tu, kwenye kona ya zizi karibu na lango, ua wa minyaa unapoishia. Baba aliweka jiwe hapo akawa anakalia. Sauti ilikatika kila mara, naye hakuwahi kukubali kwamba ni mtandao, alidhani ni mimi. Alipaza sauti, "Haloo, haloo, unanisikia?" Nami nikapaza yangu, hadi wenzangu ofisini wakageuka, "Nakusikia, baba!" Nyuma ya sauti yake nilikuwa nikisikia mnyama akipumua karibu sana na simu. Nilichukulia ni Njiani.

Kifua kikambana baba, kaka akampeleka hospitali Kolandoto. Nilitoka Geita siku hiyo hiyo. Nilimkuta amekuwa mdogo kitandani, shuka limemzidi. Ilikuwa ajabu kuzungumza naye bila sauti kukatika. Aliniuliza watu wa ofisini, akauliza mvua ya Geita, akapumzika, halafu akauliza mashine zangu zimeamkaje. Nikamwambia zimeamka zote. Na kwa kuwa nilikuwa na hofu, nikamuuliza tena jambo lile lile.

"Baba, yule ndama tumwiteje?"

Aligeuza uso akatazama dirishani.

"Nimechoka kuita viumbe wasioitika, mayu."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu yenye urefu. Baada ya hapo aliomba maji, akaomba nimgeuze, akafariki kabla ya wiki kwisha.

Tulimzika nyumbani, pembeni ya zizi, upande wa pili wa minyaa, kama alivyokuwa amemwelekeza kaka. Watu walikuwa bado wanarudishia udongo simu yangu ilipotetemeka. Kipande kimoja cha mfumo wetu kilikuwa kimekufa, na ujumbe wa pili ukaingia papo hapo kusema kingine kimeshawekwa, kila kitu kiko salama. Zana zile zilifanya kazi yake vizuri kabisa, kama nilivyozipanga. Nilizichukia. Niliwachukia na wale watu wema wa kila pembe ya dunia, mmoja mmoja, bila kuwajua koo zao. Kitu kisicho na jina kilikuwa kimefufuka mara moja, na mimi nimesimama na kanga ya msiba nikiangalia shimo linajaa.

Siku iliyofuata mazishi, kwa kuwa akili za watu hazikuwa kwenye mifugo, ndama alitoka akaingia kwenye matuta ya viazi ya jirani. Watoto walimkimbiza, akazidi kuingia ndani. Wifi yangu alimpigia mluzi, akamtukana kidogo, haikusaidia. Mimi nilikuwa mkekani na wanawake, nikimtazama yule ndama kwa uchungu, nikiwaza kwamba ndiyo shida ya kutokuwa na jina, huna unapoanzia kumwita.

Simu ya kaka ikaita. Ni ndugu zetu waliochelewa kutoka Kharumwa, wamepotea njia. Kaka akakimbilia kwenye ile kona ya zizi, akasimama kando ya jiwe la baba, akaziba sikio moja.

"Haloo, haloo, unanisikia?"

Ndama aliinua kichwa kule kwenye viazi. Kisha akaja mbio. Alipita katikati ya waombolezaji, akaruka miguu ya bibi mmoja, akaenda kusimama mbele ya kaka na kumsukuma mkono kwa pua, akiutafuta ufunguke. Kaka alimtazama simu ikiwa bado sikioni. Upande wa pili labda hawakumsikia, maana alirudia, polepole safari hii, "Haloo. Unanisikia?" Masikio ya ndama yakasimama.

Wifi alikaa chini palepale alipokuwa. Ndipo akatuambia. Baba alipokuwa akizungumza nami kwenye simu hakukosa chumvi kiganjani. Ndama alikuja kuilamba, na yeye akaendelea kupaza sauti, akimkuna shingo bila hata kumwangalia. Wifi aliliona hilo kila jioni akikamua, na hakudhani kama ni jambo la kusimulia.

Nililia pale kuliko nilivyolia kaburini. Miezi yote ile nilimsumbua baba ampe ndama jina, na kumbe alikuwa akimwita kila tulipozungumza, naye alikuwa akiitika. Sidhani kama baba alitambua. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba aliondoka akiamini hakuna kiumbe kinachomwitika, na mwitikaji alikuwa mkononi mwake analamba chumvi.

Asubuhi ya kurudi Geita, gari likiwa linaningoja barabarani, nilichota chumvi jikoni nikaenda kwenye kona ile. Sikukalia jiwe. Nikaita kama alivyoita yeye, maneno yale yale, na ndama akatoka ubavuni mwa mama yake akaja. Alilamba mpaka chumvi ikaisha, akaendelea kulamba kiganja kitupu. Nikageukia upande wa pili wa minyaa nikamwambia baba kwamba amekuja, ameitika. Kisha nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama tulivyozoea mtandao ulipokuwa mbaya.