Kona ya Mama Mkwe

Usiku ule, wenzangu, nililala nacheka. Mwanangu Elia alikuwa anatengeneza uwanja wa mbio za magari palepale shambani kwetu, na asubuhi trekta linakuja kuchimba. Uwanja wenyewe kama yai la bata lililolala: njia mbili zimenyooka, kona huku, kona kule, gari linakata kushoto tu mpaka dereva achoke. Nikasinzia nawaza hiyo mizunguko.

Mara nipo uwanjani, umeshakwisha, na mimi peku. Kwenye kona ya juu, katikati ya njia, amekaa mama mkwe wangu, marehemu, juu ya kigoda chake cha kukamulia. Amenuna vilevile! Kifo hakijamlainisha hata kidogo.

"Shikamoo, mama."

Haitikii. Ananitupia ndoo. "Zunguka!"

Nazunguka. Magari yananipita vuu, vuu, vumbi mdomoni, na kila nikifika konani naona matairi yanapita juu ya miguu yake. Hasogei. Nageuka, tupo jikoni kwake, natwanga, mchi unanguruma kama injini. Nageuka tena, konani.

"Mama, toa miguu basi!"

"Niipeleke wapi, mvivu wewe? Nani alihamisha isale langu?"

Jasho likanitoka humohumo ndotoni. Maana kaburi lake pale shambani tuliliwekea isale liwe alama, ule mmea wetu wa heshima, asiguse mtu. Mbuzi wakalitafuna. Mimi nikapanda jingine karibu na ua, hatua nne pembeni ya kaburi, nisihangaike kulilinda. Sikumwambia mtu. Na Elia alivyopima kona kwa kamba na vigingi, alikwepa isale, akijua amemkwepa bibi yake.

Mama mkwe akanishika sikio, kama zamani. "Ukinyamaza, tutazunguka wote mpaka kiama."

Nikaamka. Trekta linanguruma kweli! Nikatoka mbio na khanga moja.

"Elia! Bibi yako anasema kona irudi nyuma hatua nne!"

"Mama, jana si tumepima wote, na wewe ulikuwepo?"

"Mmepima uongo wangu."

Nikang'oa lile isale kwa mikono yangu, nikahesabu hatua, nikasimama nalo mbele ya trekta, majirani wananikodolea macho. Aibu ile, acheni tu. Dereva akazima.

Elia akaja, akang'oa kigingi chake cha kona. Hakunitazama.