Kigoda cha Wadi ya Wazee

Sisi manesi wachanga tulimwita muuguzi mkuu wetu Mama Kigoda, na wala haikuwa kwa heshima. Kila alipomwendea mgonjwa alibeba kigoda chake cha mbao kilichofungwa bandeji mguu mmoja, utadhani anakwenda kukamua ng'ombe. Sisi tulizunguka wadi tukiwa wima, yeye alikaa.

Mwaka ule alikuwa akifanya utafiti wa maumivu kwa wazee wenye saratani, nami nikapewa kazi ya kumsaidia kujaza madodoso. Uongozi ulitaka kujua kama wadi yetu inahitaji kweli dawa zote za maumivu inazoagiza, au zipunguzwe. Jibu lilitakiwa Ijumaa. Niliwamaliza wazee arobaini kwa asubuhi mbili, nikajiona bingwa.

Alizipitia karatasi zangu, kisha akaishika ya fundi cherehani wa kitanda cha tisa.

"Huyu ulimuulizaje?"

"Nilimuuliza hali, mama. Akasema hajambo."

"Na wote arobaini hawajambo?"

"Ndivyo walivyosema."

"Mwanangu, hiyo ni salamu, siyo jibu. Mzee aliyelelewa akaleleka atakwambia hajambo hata roho ikiwa kooni. Umeondoka na salamu, maumivu umemwachia mwenyewe."

Akanirudisha kitanda cha tisa. Akakaa. Wakaulizana na fundi habari za nyumbani, za watoto, za cherehani ile kuukuu. Salamu zikaisha, naye akanyamaza tu. Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yake, naangalia saa. Ndipo fundi akasema, "Usiku wa tatu huu sijalala, binti yangu. Mgongo unawaka moto."

Niliona aibu hadi masikio yakapata joto. Nilikuwa nimelipua kazi, na kidogo tu wazee wale wanyang'anywe dawa kwa mkono wangu. Alhamisi nzima tulirudia upya. Thelathini na mmoja walikuwa wakiumwa vibaya. Uongozi haukuzipunguza dawa.

Miaka ishirini na mitatu imepita. Yeye alistaafu, mimi ndiye mkuu wa wadi, na manesi wa leo wanatembea haraka kuliko tulivyotembea sisi. Naikumbuka sauti ya kigoda kikiburuzwa sakafuni asubuhi. Hata ukali wake naukumbuka kwa hamu.

Wiki iliyopita walimlaza kwetu, saratani ya mifupa.

"Shikamoo, mama. Unaendeleaje?"

"Marahaba. Sijambo, mwanangu. Nenda, wenzangu wanakusubiri."

Hata yeye. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na huyu ndiye aliyetufundisha.

Nilikwenda stoo, nikakitoa kigoda alichotuachia kutoka nyuma ya ndoo, bandeji imeshakuwa nyeusi. Nikarudi, nikakaa. Tukaulizana habari za wajukuu mpaka zikaisha, nami nikanyamaza. Alikitazama kigoda, akacheka kidogo, kisha akafumba macho.

"Inauma, mwanangu. Tangu juzi inauma sana."

Nikaandika kama alivyosema, nikaenda kumletea dawa.